Huntington, Gould, Rockefeller au Carnegie: ukimtaka mmoja tu, mchague nani?

Mpwa wangu yuko kidato cha sita. Juzi kanipigia simu, ana kazi ya darasani: achague tajiri mmoja wa Marekani wa karne ya 19, aeleze alivyochuma na ufisadi ulioandamana na uchumaji huo. "Mjomba, mimi nishaamua, namwandika Rockefeller. Darasa zima linamwandika Rockefeller." Nikamwambia hiyo peke yake ni sababu ya kumwacha. Tukabishana mpaka salio lake likakata. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotaka kumwambia, safari hii bila kukatizwa.

Wagombea wangu ni wanne. Collis Huntington wa reli ya California, Jay Gould wa soko la hisa la New York, John D. Rockefeller wa mafuta, na Andrew Carnegie wa chuma. Cornelius Vanderbilt nimemweka kando, ingawa alikufa mwaka 1877 akiwa na dola milioni 100 hivi. Hapa tutakutana naye mara moja tu, siku alipouziwa mbuzi kwenye gunia.

Watu huwatia wote kwenye kapu moja, wakawaita wanyang'anyi basi. Kosa ninaloliona kwa wanafunzi wengi ni kutafuta bahasha ya hongo kwa kila mmoja wao, na wasipoiona wanadhani mtu huyo alikuwa msafi. Wengine hawakuihitaji bahasha. Mimi nawatenganisha kwa swali moja: ili atajirike, huyu alihitaji saini ya nani?

Huntington: saini ya serikali

Huntington alikuwa muuza duka. Yeye na Mark Hopkins walikuwa na duka la vifaa vya chuma mjini Sacramento, wakiwauzia wachimba dhahabu sururu na sepetu. Leland Stanford alikuwa na duka la vyakula, Charles Crocker la vitambaa. Mwaka 1861 wenye maduka hawa wanne wakaingia kwenye kampuni ya reli ya Central Pacific, iliyokusudia kuvuka milima ya Sierra Nevada kwenda mashariki. Mtaji wa kujenga kitu cha namna hiyo hawakuwa nao. Mtaji ulikuwa Washington.

Sheria ya Reli ya Pasifiki ya 1862 iliwaahidi ardhi, ekari 6,400 kwa kila maili ya njia, kiwango kilichoongezwa maradufu mwaka 1864. Iliwaahidi pia mkopo wa hati fungani za serikali: dola 16,000 kwa maili kwenye tambarare, 32,000 kwenye nyanda za juu, na 48,000 milimani. Yeyote aliyewahi kuona tenda ikigawiwa atakuwa ameshauliza: nani wa kusema mlima unaanzia wapi?

Crocker alimchukua mwanajiolojia wa jimbo, Josiah Whitney, wakaenda kutazama. Whitney akatoa hoja ya kitaalamu kwamba udongo wa Sierra umeteremka mpaka kwenye kijito cha Arcade Creek, maili saba hivi kutoka Sacramento, mahali tambarare kama meza. Hoja ikapelekwa kwa Rais Lincoln, naye akaidhinisha. Kwa tone la wino mlima ukasogea magharibi, na kila maili kati ya kijito kile na vilima vyenyewe ikahesabiwa dola 48,000 badala ya 16,000. Sina haja ya kumsingizia Whitney kwamba alikula chochote. Uzuri wa mfano huu ni kwamba unasimama hata kama hakula.

Wakati huohuo Stanford, rais wa kampuni, alikuwa pia gavana wa California, mwaka 1862 na 1863. Alimteua Edwin Crocker, kaka yake Charles, kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Leo tungesema mgongano wa maslahi. Wao waliona ni kujuana tu.

Sasa njoo kwenye ujenzi, maana hapo ndipo fedha zilipotoka kwenye mfuko mmoja zikaingia mwingine wa suruali ileile. Kampuni ya reli ndiyo iliyopokea hati fungani na ardhi, na ndiyo iliyobeba deni. Lakini haikujenga yenyewe. Ilitoa kandarasi kwa kampuni nyingine, Contract and Finance Company, na wenye kampuni hiyo walikuwa walewale wanne. Mkandarasi anataja bei, mteja anakubali bila kupunguza hata senti, kwa sababu mteja na mkandarasi ni mtu mmoja amebadilisha kofia. Faida inabaki kwa wanne, deni linabaki kwa reli, na nyuma ya reli yuko mlipa kodi. Tume ya serikali ilipokuja kuchunguza mwaka 1887, vitabu vya hesabu vya kampuni hiyo havikuonekana. Stanford, ambaye wakati huo alikuwa seneta, alikataa kujibu maswali kuhusu fedha zilizotumika kushawishi wabunge. Akapelekwa mahakamani, na mahakama ikamkubalia.

Upande wa mashariki wa njia hiyo, kampuni ya Union Pacific ilicheza mchezo uleule kupitia mkandarasi wake, Crédit Mobilier. Tofauti ni kwamba wao walinaswa. Mbunge Oakes Ames wa Massachusetts, mtu wa familia ya watengenezaji wa makoleo, aliwagawia wabunge wenzake hisa kwa bei ya chini sana kuliko thamani yake. Aliandika mwenyewe katika barua kwamba ameziweka pale zitakapotufaa zaidi. Gazeti la Sun la New York likaanika habari hizo mwaka 1872, na mwaka uliofuata Bunge likamkaripia rasmi Ames pamoja na mbunge James Brooks. Wengi wa waliopokea hawakuguswa. James Garfield alikuwa miongoni mwa waliotajwa, na mwaka 1881 akaapishwa kuwa rais wa nchi.

Kinachomfanya Huntington awe chaguo zuri kwa mwanafunzi ni kwamba aliandika mno. Yeye alikaa New York na Washington kusaka fedha na kura, na kati ya 1874 na 1878 alimwandikia mfululizo mwenzao aliyekuwa San Francisco, David Colton. Colton akafa mwaka 1878. Mjane wake, Ellen, akaona amepunjwa kwenye mgawanyo wa mali, akafungua kesi. Mwaka 1883 barua zile zikasomwa mahakamani Santa Rosa, magazeti yakazinakili. Kesi yenyewe mjane aliishindwa, lakini barua zilikuwa zimeshatoka.

Ukizisoma unasikia mtu anayezungumzia wabunge kama dalali anavyozungumzia mbuzi mnadani: huyu anafaa, yule ana bei, mwingine amekwenda kwa wapinzani. Kwake hakuna aibu yoyote. Katika barua mojawapo anasema kwamba kama inabidi kulipa fedha ili jambo la haki litendeke, basi kulipa ni haki na ni sawa. Wazee wa pwani walikuwa na lao, penye udhia penyeza rupia. Ila yule wa pwani angalau anakiri kwamba pana udhia. Huntington kaifuta hata hiyo, kaiita haki.

Kuna jambo moja barua za namna hiyo haziligusi, kwa hiyo mwanafunzi alitafute kwingine. Kazi ya kutoboa milima ya Sierra ilifanywa zaidi na Wachina, maelfu kwa maelfu. Juni 1867, zaidi ya 3,000 kati yao waliweka chini zana, wakidai dola 40 kwa mwezi na saa chache zaidi za kupumzika. Crocker hakukubali. Alizuia chakula kisipande mlimani. Baada ya wiki moja hivi walirudi kazini kwa njaa.

Gould: saini ya jaji

Kwa Gould hali ni nyingine kabisa. Huntington mwisho wa siku aliacha reli, treni zinapita. Gould, angalau katika miaka iliyompa jina, bidhaa yake ilikuwa karatasi.

Mwaka 1868 Vanderbilt alitaka kuinunua reli ya Erie kimyakimya, hisa moja baada ya nyingine. Gould, Jim Fisk na Daniel Drew walikuwa ndani ya Erie. Kila Vanderbilt aliponunua, wao walichapisha hisa mpya, naye akaendelea kununua bila kujua gunia halina mwisho. Alipogundua, akamwendea jaji wake, George Barnard wa New York, akatoa amri wakamatwe. Watatu wale wakavuka mto Hudson na mamilioni ya dola taslimu, wakajifungia kwenye hoteli moja Jersey City, jimbo jingine ambako amri ya Barnard haikufika. Kisha Gould akaenda Albany, makao ya bunge la jimbo, na fedha. Bunge likapitisha sheria ya kuhalalisha hisa zilizokwisha chapishwa. Tukio hilo nalipenda kwa sababu kila upande ulikuwa na jaji wake, na bei ya wabunge ilipanda na kushuka kutegemea upande upi umefika na mkoba mzito zaidi.

Mwaka huohuo Gould akamwingiza William Tweed, bwana mkubwa wa siasa za jiji la New York, kwenye bodi ya Erie, na jaji Barnard akahamia upande wa Gould. Tweed alipokamatwa mwaka 1871, dhamana ya dola milioni moja iliwekwa na Gould. Barnard aliondolewa kwenye ujaji mwaka 1872. Gould hakuguswa.

Mwaka 1873 aliitwa mbele ya kamati ya bunge la jimbo kueleza siasa zake. Alisema kwamba kwenye eneo la Warepublican alikuwa Mrepublican, kwenye eneo la Wademocrat alikuwa Mdemocrat, kwenye eneo lisiloeleweka naye hakueleweka, lakini siku zote alikuwa upande wa Erie. Nadhani huyo ndiye mfanyabiashara mkweli kuliko wote waliowahi kuapishwa.

Dhahabu nitaipitia haraka, maana kila kitabu cha historia kinayo. Mwaka 1869 Gould na Fisk waliamua kuihodhi dhahabu yote iliyokuwa ikizunguka sokoni New York. Kikwazo kilikuwa hazina ya serikali, iliyoweza kuuza ya kwake wakati wowote. Gould akampata Abel Corbin, shemeji yake Rais Grant, akamnunulia dhahabu kwa faida yake Corbin. Mkuu wa hazina tawi la New York, Jenerali Daniel Butterfield, akapewa dola 10,000. Grant alipoanza kunusa, Gould akaliona hilo mapema kupitia barua ya kifamilia, akaanza kuuza chinichini huku mshirika wake Fisk akiendelea kununua kwa kelele. Ijumaa, Septemba 24, bei ilifika dola 160 hivi za karatasi kwa kila dola 100 za dhahabu, serikali ikatangaza kuuza dhahabu ya dola milioni nne, ikaporomoka ndani ya dakika chache. Wafanyabiashara wasiohusika wakafilisika. Gould na Fisk wakakingwa na amri za majaji wao.

Ukitaka hadithi ya kusimulia kijiweni, mchukue Gould, hutachosha mtu. Ila tahadhari: anafurahisha mno. Mwanafunzi humaliza insha akiwa amekusanya vituko, hajaeleza mfumo. Na kwa kiwango cha kuhodhi mali, Gould ni mdogo. Alikufa mwaka 1892 akiacha dola milioni 72 hivi, zote kwa watoto wake. Hata msikiti, sijui kanisa, hakuliachia kitu cha kukumbukwa.

Rockefeller: saini ya karani wa reli

Hapa ndipo mimi na mpwa wangu tulipogombana, kwa sababu yeye anamtaka Rockefeller kwa ajili ya rushwa. Nikamwambia utaipata, lakini imekaa pembeni. Mwaka 1908 magazeti ya William Randolph Hearst yalichapisha barua za John Archbold, mmoja wa wakuu wa Standard Oil, zikionyesha malipo ya maelfu ya dola kwa Seneta Joseph Foraker wa Ohio. Na mapema zaidi, mwaka 1881, mwandishi mmoja alitania kwamba Standard imelifanyia bunge la Pennsylvania kila kitu isipokuwa kulisafisha. Hayo yapo. Lakini Rockefeller alikuwa ameshalimiliki soko la mafuta kabla ya barua za Foraker kwa miaka ishirini. Siri yake ilikuwa kwenye stakabadhi ya mizigo.

Mafuta yenyewe tunayajua. Kabla ya magari, petroli ilikuwa takataka. Kilichouzwa ni mafuta ya taa. Yalisafirishwa nje ya Marekani ndani ya makopo ya bati yenye galoni tano za Kimarekani, mawili kwa kila sanduku la mbao. Galoni tano hizo ni karibu lita 19. Ni debe hilo. Mafuta ya taa ya Marekani yaliteremshwa Zanzibar pia katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kopo likiisha mafuta halikutupwa.

Standard Oil ilisajiliwa Cleveland, Ohio, Januari 1870, mtaji dola milioni moja. Mshirika wa Rockefeller, Henry Flagler, aliiendea reli ya Lake Shore na ahadi: tutawapa mabehewa 60 ya mafuta kila siku, bila kukosa. Reli huchukia treni inayojaa Jumatatu na kuwa tupu Jumanne, kwa hiyo ahadi hiyo ilikuwa na thamani ya kweli. Standard ikapewa nauli ya chini ambayo haikutangazwa. Mpaka hapo unaweza kusema ni biashara tu; anayenunua gunia zima hapangiwi bei ya anayenunua kibaba.

Kisha mwaka 1872 ukaja mpango wa South Improvement Company. Reli kubwa tatu zingepandisha nauli kwa kila mtu, halafu ziwarudishie wanachama wa mpango sehemu ya nauli yao. Zaidi ya hapo, wanachama wangelipwa sehemu ya nauli iliyotozwa kwa washindani wao. Rudia sentensi hiyo polepole. Pipa la mshindani wako linapopita relini, wewe unaingiza fedha. Wachimbaji wa Pennsylvania waliandamana, jimbo likaufuta usajili wa kampuni hiyo kabla haijasafirisha kitu. Lakini katika wiki hizo chache za hofu, Rockefeller alikuwa amezungukia viwanda vya kusafisha mafuta vya Cleveland. Kati ya washindani 26, alinunua 22.

Mpango ulikufa, mbinu ikabaki. Mfano ninaoupenda ni wa George Rice, mwenye kiwanda kidogo cha kusafisha mafuta Marietta, Ohio. Mwaka 1885 reli iliyomletea mafuta ghafi ilimpandishia nauli mpaka senti 35 kwa pipa. Standard kwenye njia hiyohiyo ililipa senti 10. Kwa kila senti 35 za Rice, 25 zilipelekwa kwa Standard. Yaani Rice, kila alipotuma pipa, alimlipa adui yake mara mbili na nusu ya nauli ambayo adui mwenyewe aliilipa. Jambo hili lilijulikana kwa sababu Rice alikuwa mbishi, akaenda mahakamani, na nauli ile ikabainika. Washindani wangapi walifunga viwanda wakidhani hawajui biashara?

Kufikia mwaka 1880, Standard ilisafisha karibu asilimia 90 ya mafuta ya Marekani. Mwaka 1882 hisa za kampuni zote zikawekwa mikononi mwa wadhamini tisa, kwa hati iliyotungwa na wakili Samuel Dodd. Ulikuwa mwaka mzuri kwa mawakili. Kila jimbo liliona kampuni ndogo ya kwake tu. Mwenye ndovu mzima hakuonekana popote. Ohio ilishinda kesi dhidi yake mwaka 1892, kampuni ikahamishia makao New Jersey, ambako sheria ilikuwa laini. Ilichukua mpaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani kuigawa vipande 34. Na Rockefeller, mwenye hisa katika vipande vyote, akazidi kutajirika: utajiri wake ulikaribia dola milioni 900 mwaka 1913.

Atakayemtetea ana hoja, na mwanafunzi asiifiche. Galoni ya mafuta ya taa iliyouzwa senti 26 hivi mwaka 1870 ilikuwa chini ya senti 10 katikati ya miaka ya 1880. Mnunuzi wa kawaida alipata mwanga wa bei nafuu. Walioumia ni akina Rice, na idadi yao haikutosha kushinda uchaguzi.

Carnegie: saini ya mkubwa wake, kisha ya forodha

Carnegie nitamtendea haki kidogo tu, maana kwa rushwa ndiye mwepesi kuliko wote. Mtoto wa mfumaji kutoka Dunfermline, Uskoti, alifika Pennsylvania mwaka 1848 akiwa na miaka 12, akawa tarishi wa ofisi ya telegramu, kisha karani wa Thomas Scott wa reli ya Pennsylvania. Scott ndiye aliyemwonyesha hisa za kununua, mara nyingi za kampuni ambazo reli yao ilikuwa inakaribia kufanya nazo biashara. Leo mtu hufungwa kwa hilo. Wakati ule halikuwa kosa.

Kiwanda chake kikubwa cha kwanza cha reli za chuma cha pua kilianza kazi Braddock mwaka 1875. Alikipa jina la Edgar Thomson, rais wa reli ya Pennsylvania, mteja wake mkuu. Ukitaka darasa la adabu za biashara, hilo hapo: badala ya bahasha, mpe mteja kiwanda kizima chenye jina lake. Ushuru wa forodha wa dola 28 kwa tani uliwazuia Waingereza, na chini ya mwavuli huo akakua.

Ufisadi wake wa wazi ni wa mabamba ya chuma ya kukinga manowari. Miaka ya 1890 wafanyakazi walitoboa siri kwamba mabamba mengine ya kiwanda chake cha Homestead yalikuwa na matundu yaliyofichwa na taarifa za vipimo zimechezewa. Kampuni ikatozwa zaidi ya dola 140,000. Lakini watu humkumbuka kwa jambo la Julai 6, 1892. Mshirika wake Henry Frick aliwaleta walinzi 300 wa kukodi wa Pinkerton kwa matishari usiku, wakapambana na wafanyakazi wa Homestead waliofungiwa nje ya kiwanda. Wafanyakazi saba na walinzi watatu wakafa. Carnegie alikuwa Uskoti, mapumzikoni. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameandika kwamba anayekufa tajiri anakufa kwa fedheha.

Mwaka 1901 aliiuza kampuni kwa J. P. Morgan, mwenye benki, dola milioni 480, zake binafsi zikiwa milioni 225 hivi, akagawa maktaba zaidi ya 2,500. Homestead nao walijengewa yao mwaka 1898. Zamu kiwandani ilikuwa saa 12. Ukitoka hapo usome nini?

Sasa chagua

Ukiwa na insha ya kurasa tano na unataka kuonyesha hongo ikitoka mkononi kwenda mkononi, chukua Huntington na uongeze Crédit Mobilier. Ushahidi wake ni maandishi yake mwenyewe, na muundo wake, mali ya umma pamoja na mkandarasi wa ndani, msomaji wa kwetu ataufahamu bila kuelezwa mara mbili. Huyu ndiye chaguo langu kwa walio wengi.

Ukiwa mwanafunzi wa sheria au wa masoko ya mitaji, Gould. Ukiwa wa vyama vya wafanyakazi, Carnegie, lakini uanzie Homestead na si maktaba.

Rockefeller mchukue kama swali lako ni mali kujikusanya mahali pamoja, si hongo. Na usimwanze kabla hujaelewa reli. Mafuta hayakutembea yenyewe. Reli zilizompa Standard nauli ya siri ni za akina Vanderbilt na Gould walewale. Gould alikuwa Erie, na Erie ilikuwa mojawapo ya zile reli tatu za 1872. Ndiyo maana nasema Huntington kwanza: kwake unajifunza reli zilivyopatikana, kisha kwa Rockefeller unaona zilivyogeuzwa kuwa panga.

Jambo moja la kumtahadharisha atakayemwandika Rockefeller au Carnegie akiwa huku kwetu: fedha zao zilitufikia, na zinatuzibia macho kidogo. Shule ya Jeanes pale Kabete, iliyofunguliwa 1925 kufundisha walimu wa vijijini Kenya, ilipata fedha za shirika la Carnegie. Taasisi ya utafiti wa homa ya manjano Entebbe ilianzishwa 1936 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller, na humo ndimo virusi vya Zika vilikotambuliwa mwaka 1947. Kazi njema zote mbili. Lakini nimeona insha zinazoanza na Entebbe na kuishia hapohapo, kana kwamba senti zilianguka kutoka mbinguni. Gould hana tatizo hilo, maskini. Hakuna aliyejengewa chochote, kwa hiyo hakuna anayemtetea.

Mpwa wangu kanijibu jana kwa ujumbe. Anabaki na Rockefeller, mwalimu ameshaandika jina. Ila ukurasa wa kwanza anauanza na Rice wa Marietta, pipa moja, senti 35, kumi zinakwenda wapi na 25 zinakwenda wapi. Hapo nikamwambia sina neno, nikamrushia salio.